Chi Hailazimishwi: Kusimama, Kupumua na Vipande Nane vya Hariri

Mwaka 1222, katika milima ya Hindu Kush, mzee mmoja wa Kitao, yaani mfuasi wa dini na falsafa ya kale ya China, aitwaye Qiu Chuji, alifika mbele ya Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, na alikuwa ametoka Shandong, mashariki mwa China, miaka miwili kabla, kwa sababu Khan alikuwa amesikia kwamba Watao wanayo dawa ya kuishi milele. Alipoulizwa ameleta dawa gani, mzee akajibu kwamba njia za kulinda uhai zipo, lakini dawa ya kutokufa haipo. Khan alimsifu kwa kusema kweli.

Jibu lile lilikuwa limelipiwa kwa maisha ya watu. Kwa karne nyingi Watao walitafuta uhai mrefu vyunguni: zebaki, risasi, arseniki na salfa, vikipikwa mpaka vikawa vidonge. Mfalme Wuzong wa nasaba ya Tang alikufa mwaka 846 baada ya kuvitumia kwa muda, na Xuanzong aliyemrithi akafa kwa njia hiyohiyo mwaka 859. Taratibu lugha yote ya wapishi wale ikahamia mwilini. Tumbo likaitwa tanuri, pumzi na umakini vikaitwa moto. Quanzhen, shule ya Kitao iliyoanzishwa na Wang Chongyang, mwalimu wa huyo Qiu Chuji, ilijengwa juu ya kazi hiyo ya ndani, na hekalu lake la Baiyun Guan bado lipo mjini Beijing.

Nimeanza na wafalme hawa kwa sababu tamaa yao haikwisha. Wengi wanaoyaendea leo mazoezi ya chi, yaani nguvu ya uhai mwilini, wanataka kuhisi kitu, tena haraka, na wasipokihisi wanasukuma. Nashikilia kwamba karibu kila dhara linalotokana na mazoezi haya, kuanzia goti linalouma mpaka usingizi unaopotea, chanzo chake ni huko kusukuma. Daodejing, kitabu kikuu cha Watao, inalisema hili wazi katika sura ya 55. Inamtazama mtoto mchanga: mifupa yake laini, misuli yake dhaifu, lakini akishika kidole chako hakiponyoki, na anaweza kulia mchana kutwa sauti isikauke. Kisha inaonya kwamba moyo ukiitumikisha chi, hayo ni mabavu, na kitu kikishafikia kilele cha nguvu huanza kuzeeka. Yote ninayoeleza hapa chini ni namna ya kulitii onyo hilo kwa mwili.

Kuhusu chi yenyewe nitasema machache. Mafundisho yanataja hazina tatu: jing, kiini cha uhai ambacho mtu huzaliwa nacho na anaweza kukifuja kwa kukesha, kulewa na kuhangaika, chi, uhai ukiwa katika mwendo, unaojionyesha kwenye pumzi, joto na wepesi wa viungo, na shen, ung'avu wa akili na roho unaouona machoni mwa mtu. Kazi inaanzia kwenye dantiani ya chini, mahali palipo karibu upana wa vidole vinne chini ya kitovu, ndani ya tumbo. Si kiungo ambacho daktari wa upasuaji atakikuta. Ni mahali pa kutuliza mawazo ili yasibaki kichwani. Huhitaji kuikubali ramani yote hii ndipo ufaidike na kusimama vizuri na kupumua vizuri, ila maneno haya utakutana nayo kwa kila mwalimu.

Kusimama

Anza hapa, wala usiruke. Zoezi linaitwa zhan zhuang, kusimama kama nguzo. Katika karne ya 20 lilienezwa hasa na Wang Xiangzhai (1885–1963), mwalimu wa sanaa za mapigano aliyelifanya kuwa moyo wa mafunzo yake yote. Anayekutazama kwa mbali ataona umesimama tu.

Vua viatu, au vaa vyenye soli nyembamba iliyo bapa. Kandambili hazifai kabisa: vidole vya miguu vitang'ang'ania mkanda muda wote, na kutoka hapo mashavu ya miguu yanakaza, kisha magoti, kisha kiuno. Sakafu ikiwa ya vigae na baridi, tandika mkeka.

Weka nyayo sambamba, upana wa mabega, vidole vikitazama mbele. Legeza magoti kiasi cha kuyafungua tu. Yasipite ncha za vidole vya miguu, na kila goti lielekee upande wa kidole cha pili. Shusha makalio kama anayetaka kukalia stuli ndefu akaghairi katikati. Mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo uelekee sakafuni, na mpindo wa kiuno upungue wenyewe bila wewe kuubana kwa misuli ya tumbo. Kifua usikitunishe, usikibonyeze. Kidevu kirudi ndani kidogo, utosi uelekee juu. Ncha ya ulimi iguse kaakaa nyuma ya meno ya juu. Mate yatakusanyika, nayo humezwa polepole huku mawazo yakiyasindikiza mpaka tumboni. Macho yawe nusu wazi.

Sasa inua mikono mpaka chini kidogo ya usawa wa mabega, kama unayekumbatia shina la mti. Viwiko viwe chini kuliko viganja. Kwapani ibaki nafasi ya ngumi moja, na kati ya ncha za vidole vya mkono huu na ule, ngumi mbili hivi.

Halafu shughulikia uzito, jambo ambalo wengi hulipita. Ukikunja vidole vya mguu utaona kishimo unyayoni, karibu theluthi moja ya urefu wa unyayo ukianzia vidoleni. Kinaitwa yongquan. Yumba mbele mpaka vidole vianze kushika sakafu, yumba nyuma mpaka vitake kuinuka, kisha punguza kuyumba hadi utulie pale ambapo havifanyi lolote kati ya hayo mawili. Umbali wenyewe ni sentimita chache tu, lakini usipoupata, misuli ya mapaja itabeba kazi ambayo mifupa ingeibeba bure.

Dakika 5 zinatosha kwa wiki ya kwanza. Ongeza dakika moja kila wiki mpaka ufike 20. Anayeanza na dakika 20 kwa ushupavu kwa kawaida huacha kabla mwezi haujaisha, na siku zote alizosimama alikuwa akijifunza kukaza.

Dakika ya pili au ya tatu mabega yataanza kuwaka. Maana yake ni kwamba unainua mikono kwa misuli ya shingo. Shusha viganja mpaka usawa wa kitovu, vikitazama tumbo, uendelee. Kipo cha kujifunza hapo pia. Mapaja yakitetemeka, yaache. Maumivu makali ndani ya goti ni jambo jingine: nyanyuka kidogo, kisha tazama kama magoti yameingia ndani. Mara nyingi uvungu wa unyayo umelala, na mguu mzima umeufuata. Rudisha uzito kidogo kuelekea ukingo wa nje wa unyayo, goti litanyooka.

Ukipata kizunguzungu, mara nyingi magoti yamefungwa yakanyooka kabisa. Misuli ya mashavu ya miguu husaidia kusukuma damu irudi juu; ikilala, damu hutuama miguuni, ubongo unapungukiwa, na mtu anaweza kuanguka. Usijikaze. Tembeatembea, au kaa chini.

Ukishajipanga, kazi inayobaki ni kulegeza bila kuporomoka. Kwa kila pumzi inayotoka, pitisha mawazo kutoka juu kwenda chini: paji la uso, taya, koo, mabega, kifua, tumbo, nyonga, magoti, nyayo. Taya na nyonga ndizo ngumu kuliko zote. Utazilegeza, na nusu dakika baadaye utazikuta zimekaza tena. Zilegeze tena. Hilo si kushindwa, ndilo zoezi lenyewe.

Kumaliza nako kuna utaratibu. Weka viganja viwili juu ya tumbo la chini, nyoosha magoti taratibu, baki hapo dakika moja au mbili. Sugua mikono mpaka ipate joto, pangusa uso, tembea kidogo. Walimu wa kale hukataza kunywa au kuoga maji baridi papo hapo.

Pumzi

Zhuangzi, kitabu kingine cha kale cha Watao, inasema mtu wa kweli hupumua kwa visigino na watu wa kawaida hupumua kwa koo. Kitabu hichohicho, mahali pengine, kinawakosoa wanaopuliza na kuvuta pumzi na kujinyoosha kama dubu na ndege kwa kutafuta tu kuishi sana. Kauli hizi mbili hazigombani. Pumzi inafika chini pale mtu anapoacha kuizuia, wala haifiki kwa kushindiliwa.

Ili uijue, lala chali, kiganja kimoja kifuani, kingine chini ya kitovu. Pumua kwa pua. Kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kinaposhuka, tumbo hupanuka mbele, ubavuni, na hata mgongoni juu ya kiuno. Kiganja cha chini kiinuke, cha juu kisisogee sana. Fanya hivyo usiku kabla ya kulala kwa wiki mbili, ndipo uilete kwenye kusimama. Kosa la kawaida ni kusukuma tumbo nje kwa misuli ilhali hewa haifuati. Hayo ni mazoezi ya tumbo, si pumzi.

Katika mwezi wa kwanza usihesabu chochote. Baadaye pumzi itapungua kasi yenyewe, na kutoka kutakuwa kurefu kuliko kuingia. Anayejiwekea lengo la pumzi sita kwa dakika ataanza kukosa hewa, ataivuta kwa pupa, na utulivu wote utavunjika.

Hapa pana mtego unaowanasa watu wengi. Mtu anapumua kwa nguvu na kwa kina, dakika chache baadaye vidole vinachomachoma, midomo inakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, na anaamini kwamba chi imefunguka. Kilichotokea ni kwamba ametoa kabonidioksidi nyingi kupita kiasi, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imebana, na neva zimekuwa nyepesi kushtuka. Akiendelea, vidole vinaweza kukunjika vikagoma kunyooka. Hisia ambazo vitabu vya jadi huzisifu ni tofauti kabisa: joto viganjani na tumboni, uzito wa kupendeza miguuni, mate mengi mepesi, na pumzi isiyosikika hata na mwenyewe. Ganzi la midomo likikujia, acha kuvuta kwa kina, rudi kwenye pumzi ya kawaida, na subiri.

Ipo pia pumzi ya kinyume, ambapo tumbo huingia ndani wakati wa kuvuta. Hupandisha shinikizo ndani ya tumbo na kifua. Mwanzo haikufai, na mwenye presha, mwenye ngiri au mjamzito asiiguse.

Vipande nane

Mwaka 1973, kwenye kaburi huko Mawangdui karibu na Changsha, ilipatikana hariri iliyochorwa watu 44 wakinyoosha viungo. Kaburi lilifungwa mwaka 168 KK. Kuna wanawake na wanaume, vijana na wazee, wengine vifua wazi. Baduanjin, Vipande Nane vya Hariri, ni mjukuu wa mazoezi hayo; jina lake linaonekana kwenye maandishi ya nasaba ya Song, karne ya 12. Mpango unaofundishwa sana leo ulisanifiwa na mamlaka za michezo za China mwaka 2003, na unachukua kama dakika 12 hadi 15. Naupendekeza, kwa sababu hata pasipo mwalimu ni rahisi kujua umekosea wapi.

La kwanza ni kuinua mbingu. Unganisha vidole chini ya kitovu, viganja juu, pandisha hadi kifuani, geuza viganja, sukuma juu mpaka viwiko vinyooke huku macho yakiifuata mikono. Tulia kwa sekunde mbili, kisha mikono ishuke kwa pembeni na magoti yalegee. Mara sita. Ukiona kiuno kimepinda nyuma, umesukuma kupita uwezo wa mabega yako, na mgongo ndio unaolipa.

La pili ni kuvuta upinde. Panua miguu, shuka kama aliyepanda farasi, pishanisha mikono mbele ya kifua. Mkono mmoja unavuta uzi hadi begani, vidole vimekunjwa. Mwingine unasukuma pembeni, kidole cha shahada na dole gumba wazi, macho yakipita juu ya kidole. Mara tatu kila upande. Kifua kinapaswa kufunguka na mabega ya nyuma kusogeleana. Mgongo ukijikunja, zoezi limekuwa la mikono mitupu. La tatu, mkono mmoja unasukuma juu na mwingine unakandamiza chini kando ya nyonga, kwa ajili ya wengu na tumbo, halina ugumu. La nne ni kugeuza kichwa kutazama nyuma huku mikono ikizungushwa nje. Kichwa kigeuke tu, kisilale nyuma, na polepole, hasa kwa mwenye matatizo ya shingo.

La tano ndilo linaloharibiwa kuliko yote. Linaitwa kutikisa kichwa na kuzungusha mkia ili kuondoa moto wa moyo, yaani ule ukosefu wa utulivu unaomfanya mtu ageukegeuke kitandani usiku. Miguu iwe wazi sana, karibu urefu wa nyayo tatu, viganja juu kidogo ya magoti. Hamishia uzito kulia, inama, tazama mguu wa kulia, kisha kiwiliwili kifagie kupitia mbele hadi kushoto. Mkia wa uti wa mgongo uzunguke kwenda upande wa pili, kichwa kifuate mwishoni, inuka. Watu hukaza shingo na kuegemeza uzito wote kwenye mikono, kwa hiyo uti wa mgongo haujisongi hata kidogo. Simama juu zaidi, fanya duara dogo, mpaka usikie mwendo ukianzia mkiani. Mara tatu kila upande.

La sita, telezesha viganja mgongoni, makalioni, nyuma ya miguu hadi nyayoni, magoti yakiwa yamenyooka. Kisha nyoosha mikono mbele, nayo ndiyo iinue kiwiliwili. Kichwa kikitangulia kupanda, kiuno ndicho kinachovuta. Mwenye diski ya uti wa mgongo iliyochomoza au presha aishie magotini. La saba ni kupiga ngumi polepole kwa macho makali, mara tatu kila upande, dole gumba likiwa ndani ya ngumi.

La nane: simama kwa ncha za miguu, tulia, dondoka kwa visigino, mara saba. Meno yagusane taratibu na ulimi uwe ndani. Kuna wanaobamiza visigino kama wanaotwanga. Wanachopata ni maumivu ya kichwa na ya kiuno. Shuka nusu ya njia kwa kujizuia, kisha achia ile nusu iliyobaki, mtikisiko upite mgongoni na kufa shingoni. Mwenye mifupa dhaifu ashuke bila kuachia kabisa.

Katika yote nane, kupanda na kufunguka huenda na kuvuta, kushuka na kufunga huenda na kutoa. Ukichanganya, usizuie pumzi ili kusubiri mkono. Achia pumzi iende, mikono itaizoea ndani ya wiki chache.

Inapokwenda kombo

Wachina wana jina la kale la hali hii, zouhuo rumo: moto umepotea njia na mtu ameingiwa na mapepo. Mnamo miaka ya 1980 mazoezi ya chi yalipovuma China nzima, madaktari walianza kupokea watu waliovurugika akili kwa kutafakari saa nyingi na kusukuma chi kichwani kwa mawazo. Hali hiyo iliingizwa hata kwenye mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 1994. Dalili za mwanzo ni ndogo na zinaonekana mapema: shinikizo kwenye paji la uso, moyo kudunda, usingizi kukatika saa nane usiku, hasira za ghafla, au kusikia kitu kikitembea mwilini hata wakati hufanyi mazoezi.

Chochote kati ya hivyo kikitokea, acha kazi zote za kukaa na kufikiria dantiani kwa wiki mbili. Usiweke mawazo kichwani wala kati ya nyusi kamwe. Baki na kutembea, Vipande Nane kwa mwendo wa kawaida, chakula cha kushiba na kulala mapema. Dalili zikibaki, nenda hospitali na umweleze daktari ulichokuwa ukifanya. Mtu aliyewahi kuugua akili, yeye au ndugu wa karibu, asifanye kutafakari kwa muda mrefu bila uangalizi. Vipande Nane na kutembea vinamtosha, na havimpungukii kitu.

Kwa mtu mwenye afya, mpango wa kuanzia ni huu: asubuhi kabla ya kula, kusimama halafu Vipande Nane, usiku, dakika chache za pumzi ukiwa umelala chali. Usifanye ukiwa umeshiba, subiri saa moja na nusu baada ya mlo. Usifanye ukiwa na homa. Siku ya uchovu mkubwa, kata muda nusu lakini usiache kabisa. Baada ya miezi mitatu angalia usingizi, choo, joto la miguu na mikono, na jinsi unavyopanda ngazi. Hivyo vikiwa vimebaki palepale au vimezorota, shida mara nyingi iko kwenye magoti, mabega au pumzi inayosukumwa, na mtu mwingine akikutazama kwa dakika kumi ataiona kabla yako.